Damu ya Aliyesomewa Khitma

Samia alianza kutokwa na damu asubuhi, akifagia uani kwake Mtanda, mjini Lindi. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Jirani aliyekuja kuomba moto alimkuta amekaa chini, kaegemea kinu, kanga imelowa hadi magotini, naye anasema si kitu, ni kizunguzungu tu. Mumewe, Tawakali, akaitwa dukani kwake. Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka hospitali, na njia nzima Tawakali alitembea kando ya kitanda akimsemesha ili asilale.

Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Daktari alikuwa Mzungu wa makamo, aliyekaa Lindi miaka ya kutosha kuzungumza Kiswahili bila mkalimani. Alimsafisha kizazi, damu ikakatika. Lakini iliyokwisha kumwagika ilikuwa nyingi mno. Midomo ya Samia ilikuwa imepauka, na kila akijaribu kuinua kichwa macho yalimgeuka. Daktari akamwambia Tawakali kwamba mkewe anahitaji damu ya mtu, na kwamba siku zile hospitali haikuwa na akiba. Wa kutoa ni jamaa. Tawakali akakunja mkono wa kanzu pale pale.

Msaidizi wa maabara, Mmwera aitwaye Leonadi, alizipima damu za mume na mke akaona ni za kundi moja. Kisha akachanganya tone la damu ya mume na maji ya damu ya mke, yale yanayobaki juu damu ikiganda, kwenye kigae cheupe, kama ilivyokuwa desturi. Yeye na daktari walikitazama kigae wakakiona safi, damu haikushikana mabonge. Chupa ikajazwa, ikatundikwa.

Haukupita muda Samia akaanza kutetemeka. Kwanza taya, kisha mwili mzima, hata kitanda cha chuma kikawa kinagonga ukuta. Akalalamika kiuno. Akasema kuna mtu amemkalia kifuani. Daktari alikuja mbio, akaukunja mrija kwa vidole vyake mwenyewe, akachomoa sindano. Baadaye mkojo wa Samia ulitoka mweusi kama kahawa.

Tawakali alikuwa mlangoni. Aliiona chupa ya damu yake ikining'inia, karibu yote bado imo, na chini yake mkewe akipigania pumzi. Alitoka nje akaenda kukaa nyuma ya jiko la hospitali, na huko ndiko alikokutwa na wakwe zake walipofika kutoka Mchinga.

Walikuja juu ya lori la mbata: mama yake Samia, Bi Kibibi, aliyekuwa mjane; kaka yake Samia, Kibwana; na shemeji yake Bi Kibibi, Mzee Mshamu, kaka wa marehemu mumewe. Tangu mume alipofariki, Mzee Mshamu ndiye aliyekuwa na kauli katika nyumba ile. Yeye aliamua nani aoe, nani aolewe, shamba lipi lilimwe. Tawakali aliwaamkia wote shikamoo, kisha akawaambia kwa sauti ndogo kwamba damu yake imetaka kumuua Samia.

Daktari hakukubali kuongeza tone jingine kabla ya kujua sababu. Yeye na Leonadi waliacha kigae, wakatumia vichupa vyembamba vilivyowekwa ndani ya maji yenye joto la mwili, wakasubiri, kisha wakatazama kwa hadubini. Safari hii damu ya Tawakali haikuwa laini. Ilikuwa imekatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika motoni. Wakajaribu damu ya polisi wawili waliojitolea. Ikakatika. Wakajaribu ya mpishi wa hospitali, ya nesi, ya Leonadi mwenyewe, ya daktari, hata ya Bi Kibibi. Zote zilikuwa za kundi lifaalo, na zote zikakatika.

Daktari akatoka uani akawauliza kama Samia amewahi kuongezewa damu maishani. Bi Kibibi akajibu ndiyo, alipomzaa mwanawe wa kwanza, yule aliyeachwa sasa kwa jirani, hapa hapa Lindi, na wala hakudhurika.

"Damu ile ilikuwa nzuri," daktari alisema. "Lakini ndani yake kulikuwa na kitu ambacho Samia hakuzaliwa nacho. Karibu watu wote wanacho. Yeye hana. Mwili wake ulikiona, ukajifunza kukipiga, na mimba zikauzidishia mafunzo, kwa sababu mtoto huchukua pia ya baba yake. Leo kila damu yenye kitu hicho ikiingia, mwili unaipiga."

Tawakali aliuliza mbona watu wengine huongezewa damu kila mara wasipate hayo. Daktari akasema hilo nalo mtu huzaliwa nalo: wako ambao miili yao hunyamaza hata ikiingiziwa damu ya nani, na wako ambao miili yao hainyamazi. Wa Samia haukunyamaza. Kisha akauliza swali alilokuja kuliuliza. Samia ana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja?

Kibwana alisimama kabla swali halijakwisha. Alikuwa mvuvi mwenye kifua kipana, na damu ilipotolewa mkononi mwake ilitoka kwa nguvu, nyekundu sana. Wote walidhani jambo limekwisha. Bi Kibibi alikuwa ameanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Leonadi alipotoka maabara na kutikisa kichwa, hakuna aliyemwelewa. Ikabidi aseme kwa maneno kwamba ya kaka nayo imekatika.

Hapo Mzee Mshamu akajikohoza. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na maneno yake ya polepole ndiyo yaliyokuwa yakiogopwa.

"Mimi sikusoma mambo ya Wazungu," alisema. "Lakini najua kwamba mtoto wa mtu na mtoto wa mtu huyo huyo damu yao ni moja. Hizi zimekataana. Basi mmoja wao si wa ndugu yangu. Mama yao yupo hapa, na aseme."

Watu wengine waliokuja kutazama wagonjwa wao walikuwa pale uani, nao walisikia. Bi Kibibi akaketi kwenye mkeka. Kibwana alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini aliinama akatazama miguu yake mwenyewe kama aliyeambiwa si yake. Tawakali akasema baba mkubwa, hayo si ya kusemwa leo. Mzee Mshamu akamjibu kwamba kama si leo ni lini; na kwamba yeye, kwa upande wake, anaona mgonjwa arudishwe Mchinga akasomewe, kwa kuwa hospitali imekwisha kushindwa na inalotoa sasa ni aibu tu.

Leonadi alirudi ndani akamwambia daktari yanayosemwa nje. Daktari alitoka tena, na safari hii alikuwa amekasirika, ingawa alijitahidi hasira isionekane usoni.

"Mzee, nisikilize vizuri. Kila mtoto hupewa mafungu mawili, moja na baba, moja na mama. Kwa Samia kukosa kitu kile, yaelekea baba yake alikuwa na fungu moja lililo nacho na moja tupu, na mama yake hivyo hivyo, naye Samia akaangukia yale matupu yote mawili. Kibwana aliangukia lililo nacho. Ni hivyo tu. Baba ni yule yule na mama ni yule yule. Kati ya watoto wanne wa watu hawa, pengine mmoja atalingana na Samia. Pengine hata mmoja asiwepo. Hakuna hapa neno baya juu ya mama huyu, na sitaki lisemwe kwenye hospitali yangu."

Mzee Mshamu hakuomba radhi.

"Sasa niambieni," daktari akaendelea. "Yuko mwingine? Bila damu inayolingana sioni kama atafika kesho kutwa. Moyo wake unakimbia bila kitu cha kusukuma. Yuko ndugu mwingine?"

"Hakuna," alisema Mzee Mshamu. "Walikuwa watatu. Mmoja alikufa."

Bi Kibibi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Aliinuka kwa kujishika ukutani, akajifunga kanga kiunoni, akamtazama daktari, si shemeji yake.

"Hajafa. Anaitwa Moza. Yuko Kiranjeranje."

Miaka saba jina hilo halikuwa limetamkwa mbele ya Mzee Mshamu. Moza, aliyemtangulia Samia kuzaliwa, alimpenda Mmwera mmoja Mkatoliki, Severini, aliyekuwa akikata mkonge katika shamba karibu na Mchinga. Akamfuata kwao, akabatizwa Stefania, akafunga naye ndoa kanisani. Habari zilipofika, Mzee Mshamu aliita watu, akaamuru matanga, Moza akasomewa khitma kama maiti, na ubwabwa ukaliwa. Bi Kibibi alikaa kilio cha mtoto aliyejua yu hai. Kibwana ndiye aliyetumwa kumpelekea Moza neno kwamba nyumbani hana mtu tena. Alilipeleka, akamgeuzia mgongo, na tangu siku hiyo hakumwona.

Sasa alikuwa ndiye wa kutumwa tena. Mzee Mshamu alisema kwamba atakayekwenda Kiranjeranje asirudi nyumbani kwake. Bi Kibibi alimwambia mwanawe aende.

Ilikuwa masika. Lori alilopata Kibwana lilikuwa kuukuu, mabaki ya mashamba ya karanga ya Nachingwea, na dereva alikubali kufika mpaka mto Mbwemkuru tu, si zaidi. Kila kilima waliteremka kusukuma. Mtoni walikuta maji yamefunika njia, yamebeba magogo na majani, rangi ya udongo mwekundu. Dereva alizima injini akasema atasubiri, lakini maji yakizidi kupanda ataondoka, yeye ana tajiri wake. Kibwana akavushwa na mwenye mtumbwi mmoja, aliyemwambia kwamba anamvusha kwa sababu tu ya habari ya mgonjwa, na kwamba kurudi asimhesabie.

Ng'ambo alitembea, mara akikimbia, mpaka alipofika shambani kwa Severini. Dada yake alikuwa akipalilia mtama, mtoto mchanga mgongoni. Alimtambua Kibwana tangu mbali. Hakuacha jembe. Kibwana alisimama ukingoni mwa shamba, akamweleza yote akihema, damu, chupa, mtetemeko, yeye mwenyewe kupimwa na kukataliwa. Alipotua kuvuta pumzi, Stefania akauliza swali moja.

"Nani amekutuma?"

"Mama."

"Baba mkubwa anajua?"

"Mama alilitaja jina lako mbele yake. Mbele ya watu. Yeye alikuwa amesema umekufa, mama akasema hujafa."

Stefania aliegemea mpini wa jembe. Kibwana akadhani atamfukuza, na alijua ana haki. Alianza kusema neno juu ya siku ile ya miaka saba iliyopita, lakini dada yake akamkatiza. Hayo yangoje, alisema, Samia hangoji. Akamwita mumewe.

Severini hakuwa na maneno mengi. Alitazama mvua upande wa bara, akasema mto utakuwa mbaya, akaenda kuchukua kamba. Watoto wakubwa wakaachwa kwa jirani. Mchanga, aliyekuwa bado ananyonya, akaenda na mama yake.

Mwenye mtumbwi alikataa kama alivyosema. Maji yalikuwa yamepanda juu ya jiwe alilokuwa akilitumia kupimia. Ng'ambo ya pili lori lilikuwa bado lipo, na dereva alikuwa amekwisha washa taa kuashiria kwamba anaondoka. Severini hakubishana na mwenye mtumbwi. Alifunga kamba kwenye mti, ncha nyingine akajifunga mwenyewe, akaingia majini. Katikati maji yalimfika shingoni, akapotea, akaibuka chini zaidi, akashika mizizi ya ukingo wa pili. Alipokaza kamba huko ng'ambo, mwenye mtumbwi aliona haya. Alimpakia Stefania na mtoto na Kibwana, wakavuka wakijivuta kwa kamba, mtumbwi ukiinama upande wa maji kila gogo lilipogonga. Stefania alimfunga mtoto juu kabisa, karibu na shingo, akasali rozari nzima kwa sauti. Kibwana aliyekuwa nyuma yake, bila kujijua, alikuwa akisoma Ayatul Kursiyu.

Hospitalini, Samia alikuwa ameacha kuongea. Alipumua haraka haraka, mbawa za pua zikicheza, na alipoitwa alifungua macho lakini hayakumwona mtu. Mzee Mshamu alikuja mara mbili na watu wa kumbeba. Mara ya pili Tawakali alisimama mlangoni mwa wodi akashika nguzo mbili za mlango.

"Huyu ni mke wangu," alisema. "Damu yangu imemuumiza. Mimi sitamtoa hapa kwenda kumalizia kazi ile."

Lori liliingia uani mchana wa kesho yake. Stefania aliteremka amejaa matope, mtoto analia. Mama yake alikuwa ngazini. Hawakukumbatiana, maana Leonadi alikuwa amekwisha mshika Stefania mkono kumwingiza maabara. Walipishana tu, na Bi Kibibi akampokea mtoto.

Kisha wakasubiri. Tawakali, Kibwana na Severini walisimama dirishani pa maabara kwa nje, wakimwona Leonadi ameinama juu ya maji yale ya uvuguvugu na daktari kando yake, saa mkononi. Mzee Mshamu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbali. Daktari alitazama kwa hadubini kwa muda mrefu kuliko alivyotazama zote zilizotangulia. Akamwachia Leonadi naye atazame. Kisha akamwita Bi Kibibi, akamwonyesha kichupa kwenye mwanga wa dirisha, na kando yake kile cha Kibwana. Cha Kibwana kilikuwa na mabonge. Kingine kilikuwa laini, damu imeenea sawasawa, hata ukikitikisa.

"Huyu ndiye," daktari alisema.

Mzee Mshamu alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi. Alisema kwa ile sauti yake ya polepole kwamba damu ya mla nguruwe haiingii mwilini mwa mtoto wa ndugu yake, na kwamba yeye kama baba anakataza. Daktari alimgeukia Tawakali, mwenye mke. Lakini aliyejibu ni Bi Kibibi, mjukuu bado yuko mikononi mwake.

"Shemeji, damu ile niliilea mimi tumboni kabla padri hajaijua. Nilikuachia ukamzika mmoja akiwa hai. Huyu wa pili hunizikii."

Tawakali akasema daktari atundike chupa.

Hawakuwa na hakika. Kigae nacho kilikuwa kimeonekana safi siku ile. Daktari aliiachia damu tone moja moja, akaketi kando ya kitanda, kidole chake kwenye mshipa wa Samia. Stefania alikuwa amelazwa kitanda cha pili, mkono umefungwa pamba, hamwondolei macho mdogo wake. Kisha Samia akatikisika bega.

Tawakali alitoka nje. Hakuweza kukaa kuliona jambo lile mara ya pili. Alisimama kwenye mvua, akisubiri kusikia kitanda kikigonga ukuta. Hakikugonga. Alipojikaza kurudi, alimkuta Samia ametazama upande wa Stefania, macho yake yakiwa yamempata mtu.

"Nasikia baridi," alisema Samia. Daktari akamgusa paji, akamgusa kiuno, akamuuliza kama panauma. Hapaumi. Ni baridi ya kawaida, ya mtu aliyelowa jasho. Akafunikwa blanketi. Baada ya kitambo akauliza, "Huyu ni dada Moza au naota?"

"Ni mimi," alisema Stefania. "Lala."

Chupa iliisha bila mtetemeko. Stefania alitaka atolewe nyingine, lakini daktari alikataa kwa kuwa ananyonyesha. Alimwambia ale, anywe, na baada ya siku kadhaa ataangalia. Ile moja ilitosha kuushika moyo wa Samia usisimame. Mkojo wake ulirudi mweupe. Polepole midomo yake ikapata rangi.

Kabla Stefania hajaondoka, Leonadi alipima maji ya damu yake na damu za watu wengine, kwa sababu daktari alitaka kujua. Stefania naye hakuwa na kitu kile, na alikuwa amezaa watoto wanne kwa Severini aliye nacho. Hata hivyo damu yake haikuwa na vita na ya mtu yeyote. Vichupa vyote vilibaki laini. Daktari alivipanga dirishani akavitazama akitikisa kichwa. Aliwaambia kwamba dada hawa wamekosa kitu kile kile, lakini mmoja mwili umepigana na mwingine umenyamaza, na sababu yake yeye haijui, na hajui kama yuko anayeijua.

Alimwonya Samia asiruhusu kuwekewa damu ya mtu mwingine yeyote maishani, ila ya dada yake. Na mimba nyingine itakuwa ya hatari kwake na kwa mtoto. Tawakali aliambiwa na watu kwamba anaweza kuoa wa pili. Alisema amesikia, wala hakuoa.

Mzee Mshamu alirudi Mchinga peke yake. Hakumwita tena Bi Kibibi kwa jambo lolote, na Bi Kibibi hakurudi nyumbani kwake. Alihamia Mtanda kwa Samia, na kiangazi kilipoingia alipanda lori kwenda Kiranjeranje kuwaona wajukuu ambao hakuwahi kuwaona. Kibwana ndiye aliyempeleka. Alikaa huko akimsaidia Severini kuezeka, na siku moja, wakiwa juu ya paa, Stefania chini akirusha makuti, alisema neno lile aliloanza kulisema shambani. Stefania alimwambia amekwisha lisikia siku ile ile.

Mwaka wa pili Samia alishika mimba tena. Ilipofika miezi ya mwisho, Stefania alikuja Mtanda akakaa, tayari kutoa mkono. Hakuhitajika. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, ila ngozi na macho yalikuwa ya manjano, kwa vile mwili wa mama ulikuwa umeipiga na damu yake, na daktari alimweka hospitalini, akimpima kila asubuhi, akisema inaweza kuzidi na inaweza kuondoka. Samia hakulala. Stefania alimpokea mtoto kila alipochoka, akamtembeza barazani kwenye jua la asubuhi kama walivyoagizwa. Umanjano ukafifia usoni, kisha kifuani, kisha miguuni.

Kitovu kilipokauka, Stefania alifunga mzigo wake, akawaaga, akapanda lori la Kilwa kurudi kwa wanawe.